Sura ya 7: Tishu Inayoita Damu

Mimba ikifika mwezi wa nne, jicho la mtoto aliye tumboni limekwisha kuwa na lenzi, kope zake zimefumba, na nyuma kabisa imetandazwa retina, ule utando unaopokea mwanga. Lakini retina hiyo haina mshipa wa damu hata mmoja. Inaishi kwa oksijeni inayopenya kutoka tabaka lenye mishipa lililo nyuma yake, na kwa kuwa bado ni nyembamba na seli zake bado changa, kiasi hicho kinaitosha. Kisha, karibu na wiki ya 16, mishipa ya kwanza huchomoza pale neva ya jicho inapoingilia na kuanza kusambaa kuelekea ukingoni. Safari yenyewe ni ya milimita chache, ila huchukua miezi. Upande wa pua mishipa hufika karibu na wiki ya 36. Upande wa sikio, ulio mbali zaidi, hufika karibu na wiki ya 40, mtoto anapokuwa tayari kuzaliwa.

Nimelichagua jicho liwe kiini cha sura hii kwa sababu mbili. Ni miongoni mwa mahali pachache mwilini ambapo daktari anaweza kuitazama mishipa ya mtu aliye hai kwa taa na lenzi tu, bila kupasua. Na ukuaji wa mishipa hiyo unapovurugika mtoto hupofuka, na historia ya upofu huo imeandikwa kwa kina, kiasi kwamba tunaweza kuufuata mkasa mzima tangu molekuli moja hadi kitanda cha wodi.

Swali letu ni hili: mshipa unajuaje pa kwenda? Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazotengeneza protini, ilhali kapilari zake, ile mishipa myembamba kuliko unywele, ni mabilioni. Jeni chache kiasi hicho haziwezi kubeba anwani ya kila kapilari. Kinachorithiwa ni kanuni za mawasiliano: seli ikikosa hewa itoe ishara fulani, seli nyingine ikiipokea ifanye jambo fulani, na papo hapo iizuie jirani yake isifanye lilelile. Mtandao wote wa mishipa huzaliwa humo, na hakuna viumbe wawili, hata mapacha wa kufanana, wenye mishipa ya retina iliyochorwa sawasawa.

Tuanze na kukosa hewa kwenyewe. Ndani ya tishu oksijeni husafiri kwa kupenya polepole, na nguvu zake huishia takriban mikromita 100 hadi 200 kutoka kapilari iliyo karibu, yaani sehemu moja au mbili tu kati ya kumi za milimita. Kiumbe mdogo kuliko hapo anaweza kuishi bila mishipa. Anayekua zaidi lazima awe nayo, la sivyo seli zake za ndani zitakufa. Ndiyo maana moyo wa kiinitete, tuliouzungumzia katika sura iliyotangulia, huanza kupiga karibu na siku ya 22, kabla mikono haijachipua. Viungo vingine vinaweza kungoja. Damu na njia zake haziwezi.

Retina hupitia hali hiyohiyo kwa udogo. Seli zake za neva zinapokomaa huanza kazi, kazi hutumia oksijeni, na ile inayopenya kutoka nyuma haitoshi tena. Seli zenyewe zina kipimo cha kutambua upungufu huo, na namna kipimo hicho kinavyofanya kazi ni kati ya mambo mazuri kuliko yote ninayoyajua katika biolojia.

Seli zetu hutengeneza muda wote protini iitwayo HIF, na muda wote huiharibu. Oksijeni ikiwepo ya kutosha, kimeng'enya maalumu huichukua na kuitumia kuitia HIF alama. Protini nyingine, VHL, huitambua alama hiyo, huishika HIF na kuifikisha kwenye mtambo wa seli unaosaga protini. Kwa hiyo HIF huishi dakika chache tu. Oksijeni ikipungua, kimeng'enya kinakosa malighafi, alama haitiwi, VHL haina cha kushika, na HIF hujikusanya. Hapo huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni zinazohusika na kuutafutia mwili hewa. Hakuna anayeamuru. Oksijeni yenyewe ndiyo habari: uwepo wake huisaga ishara, ukosefu wake huiachia.

Ugunduzi huu uliwapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019. Semenza, huko Baltimore, na Ratcliffe, huko Oxford, walikuwa wakichunguza jinsi figo inavyojua kwamba mwili unahitaji chembe nyekundu zaidi za damu. Kaelin aliingilia mlango mwingine. Yeye alikuwa akifuatilia ugonjwa wa kurithi ambao jeni ya VHL imeharibika, na wagonjwa huota vivimbe vilivyojaa mishipa ya damu, mara nyingi ndani ya retina. Mmoja wa madaktari wawili ambao ugonjwa huo unabeba majina yao, Eugen von Hippel wa Ujerumani, alikuwa daktari wa macho, naye aliviona vivimbe hivyo mwanzoni mwa karne ya 20 bila ya njia yoyote ya kujua chanzo chake. Chanzo tunakijua sasa. Seli isiyo na VHL haiwezi kuiondoa HIF, kwa hiyo hulia kukosa hewa hata ikiwa imezama katika oksijeni, na mishipa huitikia kilio hicho cha uongo.

Mishipa huitikia nini hasa? Moja ya jeni zinazowashwa na HIF hutengeneza protini iitwayo VEGF, ambayo hutoka nje ya seli na kusambaa jirani. Kuta za ndani za mishipa yote, kuanzia aorta hadi kapilari ndogo kabisa, zimepangwa seli bapa ziitwazo endotheli, na seli hizo zina vipokezi vya VEGF juu ya ngozi zao. VEGF ikigusa kipokezi, endotheli iliyokuwa imetulia huamka: hulegeza mshikamano na jirani zake, hugawanyika, hutembea.

Kuwepo kwa kitu cha namna hii kulikisiwa zamani. Mwaka 1948 Isaac Michaelson, daktari wa macho aliyekuwa akifanya kazi Glasgow, aliona kwamba kapilari za retina hujitenga na ateri, zenye damu yenye oksijeni nyingi, na huchipuka kwa wingi upande wa vena. Akasema lazima retina inatoa dutu fulani inayovuta mishipa, na dutu hiyo ina uhusiano na oksijeni. Ilichukua zaidi ya miaka 40 dutu hiyo kutambuliwa. Mwaka 1983 kundi la Harold Dvorak huko Boston lilipata katika vivimbe vya saratani protini inayofanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara, Mwitaliano aliyekuwa California, alitenga protini inayozidisha seli za endotheli. Ikaja kubainika kwamba ni protini moja, na kwamba ndiyo aliyoikisia Michaelson.

Uzito wake ulidhihirika mwaka 1996. Makundi mawili, moja la Ubelgiji na jingine la Marekani, yalitoa matokeo yao pamoja katika jarida la Nature. Walikuwa wametengeneza panya waliopungukiwa nakala moja tu kati ya nakala mbili za jeni ya VEGF. Kwa jeni nyingi upungufu huo hauonekani hata kidogo, kwani nakala moja hutosha. Panya hawa walikufa tumboni katikati ya ujauzito, mishipa yao ikiwa haikujengeka sawasawa. Miaka michache baadaye ikaonekana kwamba kuzidisha VEGF mara mbili au tatu nako huua kiinitete. Hii ndiyo hali ya hatari ambayo mwili hutembea nayo: kipimo chembamba, nusu haitoshi na maradufu ni sumu. Tulishike hili, kwa sababu litaturudia wodini.

Wingi wa ishara, hata hivyo, hauonyeshi njia. Ili mshipa ugeuke upande sahihi, VEGF lazima iwe nyingi kule kunakohitajika damu na ipungue kadiri unavyoondoka. Seli hulipata hilo kwa kutoa VEGF ya aina kadhaa. Nyingine ina mkia unaonata kwenye nyuzinyuzi zilizo nje ya seli, ikabaki karibu na ilikotoka. Nyingine haina mkia, ikaenea mbali. Panya walioachiwa ile isiyonata pekee hupata mishipa mipana yenye matawi machache, kwa sababu ishara imetapakaa kila mahali na hakuna upande unaozidi mwingine.

Katika retina mpangilio huu unaonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Seli zenye umbo la nyota, astrositi, hutoka kwenye neva ya jicho na kutangulia mbele ya mishipa, zikitandaza wavu wao juu ya retina iliyo tupu. Kwa kuwa zimefika ambako damu haijafika, hukosa hewa na kutoa VEGF. Mishipa huwafuata. Mishipa ikiwasili, oksijeni hupanda, HIF husagwa, VEGF hupungua, na kilio huhamia kwa astrositi walio mbele zaidi. Hivyo ndivyo ukingo wa mishipa unavyosogea, hatua kwa hatua, ukiongozwa na upungufu ambao wenyewe unauondoa.

Mwaka 2003 Holger Gerhardt, Christer Betsholtz na wenzao nchini Uswidi walitazama kwa makini ncha za mishipa hiyo katika retina za panya wachanga. Kwenye kila ncha palikuwa na seli moja ya mbele iliyotoa vidole vyembamba vingi, ikipapasa upande wa astrositi. Seli hiyo haigawanyiki sana. Kazi yake ni kuhisi na kuvuta. Seli zilizo nyuma yake ndizo zinazogawanyika na kuurefusha mshipa. Watafiti wakaonyesha kwamba ishara ileile, VEGF, husomwa kwa namna mbili: seli ya mbele hufuata tofauti ya wingi wake kati ya upande na upande, na seli za nyuma hufuata wingi wenyewe. Anayeijua elimu ya neva atakumbuka kwamba ncha ya neva inayokua nayo ina vidole kama hivyo. Undugu huo ni wa kweli, kwani mishipa na neva hutumia baadhi ya ishara zilezile za kuvuta na kufukuza.

Lakini ni nani huichagua seli ya mbele? Endotheli zote zilizo ukingoni zinapokea VEGF, na zote zina uwezo wa kuongoza. Zikiongoza zote, hakuna atakayebaki kujenga mshipa. Jibu ni ishara ya pili, isiyosafiri popote, ipitayo kwa kugusana tu. Seli iliyopata VEGF zaidi kidogo kuliko jirani yake huotesha juu ya ngozi yake protini iitwayo Dll4. Protini hiyo huigusa Notch, kipokezi kilicho kwenye ngozi ya jirani, na jirani aliyeguswa hupunguza vipokezi vyake vya VEGF. Sasa anasikia kidogo, kwa hiyo anatengeneza Dll4 kidogo, kwa hiyo hawezi kumzuia yule wa kwanza. Tofauti ndogo iliyoanza kwa bahati hukua ikawa mgawanyo wa kazi: mmoja mbele, wengine nyuma.

Mwaka 2007 maabara kadhaa zilithibitisha jambo hili karibu kwa wakati mmoja. Ukiizima Dll4 katika retina ya panya, seli nyingi mno huwa za mbele, na mishipa husongamana kama kichaka. Uongozi wenyewe nao si wa kudumu. Uchunguzi wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba seli hupokezana: iliyo nyuma hupanda, huipita ya mbele, huishika nafasi, na baadaye nayo hupitwa. Seli hubishana nafasi hiyo muda wote mshipa unapokua.

Hapa niweke neno juu ya saratani, maana ndiko fedha nyingi za utafiti huu zilikotoka. Mwaka 1971 Judah Folkman wa Boston alitoa hoja kwamba uvimbe hauwezi kukua zaidi ya ukubwa wa kichwa cha pini bila kuita mishipa yake, na kwamba kuuzuia usiite kungekuwa tiba. Kwa miaka mingi wenzake wengi hawakumsadiki. Mwaka 2004 dawa ya kuikamata VEGF, bevacizumab, iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya utumbo mpana. Linaloshangaza zaidi kwangu ni kilichotokea watafiti walipoizuia Dll4 katika vivimbe vya panya mwaka 2006. Mishipa iliongezeka, na ukuaji wa uvimbe ukapungua. Mishipa ilikuwa mingi, ila haikuungana vizuri wala kupitisha damu ipasavyo. Wingi wa mishipa na ubora wa mtandao ni mambo mawili.

Mtandao bora hupatikana kwa kuungana na kwa kupogolewa. Seli mbili za mbele kutoka matawi tofauti zikikutana, hushikana vidole na kufungua njia kati yao. Mara nyingi seli za kinga zilizo hapo karibu huwa kiungo cha makutano hayo. Damu ikianza kupita, bwana mpya huingia kazini. Mwaka 1893 Richard Thoma wa Ujerumani, aliyechunguza viinitete vya kuku ndani ya mayai, aliandika kwamba mshipa upitishao damu kwa kasi hupanuka na ule ambao damu yake imezubaa hunyauka. Ni kama njia za miguu porini: inayopitwa na wengi hupanuka yenyewe, isiyopitwa huota nyasi. Leo tunajua kwamba endotheli huihisi damu inavyozikwaruza, na kwamba mojawapo ya vihisio hivyo ni Piezo1, protini iliyogunduliwa katika maabara ya Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Kiinitete cha panya kisicho na Piezo1 hufa katikati ya ujauzito, mishipa yake ikiwa imeshindwa kujipanga.

Mshipa uliobaki hai baada ya mchujo huo hutoa ishara nyingine ya kuita seli za kuuzunguka kwa nje na kuutia nguvu, ziitwazo perisiti. Hili ni jambo dogo kulieleza ila lina matokeo makubwa. Mshipa ambao bado haujavikwa perisiti hutegemea VEGF ili uishi. Ukinyimwa, seli zake hujiua. Mshipa uliokwisha kuvikwa haujali sana. Kuna kipindi, basi, ambacho mshipa umeshajengwa lakini uhai wake bado uko mikononi mwa ishara.

Watoto njiti huzaliwa wakati retina zao zimo ndani ya kipindi hicho.

Mwaka 1942 Theodore Terry, daktari wa macho wa Boston, aliripoti habari za mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ambaye nyuma ya lenzi za macho yake yote mawili palikuwa na utando wa kijivu, na haoni. Muda si mrefu akawa na orodha ya wengine. Ugonjwa haukuwa ukijulikana kabla, na ulizidi kuenea katika hospitali zenye vifaa bora kabisa. Katika miaka kama 12 iliyofuata watoto wapatao 10,000 duniani walipofuka. Stevie Wonder, aliyezaliwa Michigan mwaka 1950 kabla ya wakati wake, ni mmoja wao.

Vilishukiwa vitamini, mwanga, maziwa, maradhi ya mama. Mwaka 1951 Kate Campbell, daktari wa watoto wa Melbourne, alilinganisha vituo vilivyotoa oksijeni kwa wingi na vilivyotoa kwa uchache, akaona upofu unafuata oksijeni. Huko Washington, Arnall Patz alijaribu kulipima jambo hilo kwa kuwagawa watoto makundi mawili, na inasimuliwa kwamba wauguzi wa zamu ya usiku walikuwa wakiwafungulia mitungi wale wa kundi la oksijeni kidogo, wakiamini wananyimwa uhai. Siwezi kuwalaumu. Kila walilofundishwa liliwaambia kwamba oksijeni ni uhai na kuizuia ni ukatili. Jaribio kubwa la hospitali 18 za Marekani, lililoanza mwaka 1953, ndilo lililoondoa shaka, na huko London Norman Ashton akaonyesha kwa watoto wa paka kwamba oksijeni nyingi huiziba na kuifuta mishipa ya retina iliyo changa, na haiigusi iliyokomaa.

Sasa tunaweza kusema kwa nini. Damu ya mtoto aliye tumboni ina oksijeni chache, kwa mgandamizo usiofika nusu ya ule wa mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Upungufu huo ndio kiongozi wa mishipa yake. Mtoto akizaliwa kwa wiki 27, hewa ya kawaida peke yake tayari ni nyingi mno kwa retina yake. Akiwekewa oksijeni ya mtungi isiyopimwa, HIF husagwa yote, VEGF hukatika, mishipa iliyo safarini husimama, na ile isiyo na perisiti hufa. Hiyo ni awamu ya kwanza, na hakuna anayeiona, kwani mtoto ananawiri. Wiki zinapita, oksijeni inapunguzwa, na seli za neva za retina zinaendelea kukomaa katika eneo ambalo sasa halina mishipa kabisa. Zote hulia kwa pamoja. VEGF hufurika. Mishipa huchipuka kwa fujo, ikiruka nje ya retina na kuingia kwenye ute wa jicho, ikivuja na kutoa makovu, na makovu yakijikunja huibandua retina.

Madaktari wengi wa wakati huo waliposikia kwamba oksijeni ndiyo chanzo, waliibana. Upofu ulishuka, na watoto wakaanza kufa kwa kukosa hewa au kuharibika ubongo. Mwaka 1973 Kenneth Cross alikadiria kwamba kwa kila mtoto aliyeokolewa na upofu kwa njia hiyo watoto wapatao 16 walikuwa wamepoteza maisha. Mizani yenyewe ilipatikana polepole, hasa baada ya Takuo Aoyagi wa Japani kubuni, katika miaka ya 1970, njia ya kupima oksijeni ya damu kwa mwanga upitao kwenye ngozi. Hata hivyo, jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2010, kwa watoto waliozaliwa kati ya wiki 24 na 27, lilikuta kwamba kushusha kiwango hadi asilimia 85–89 badala ya 91–95 kulipunguza ugonjwa mkali wa macho kwa nusu hivi, na kuliongeza vifo. Hakuna kipimo kisicho na gharama. Madaktari wengi sasa huchagua kiwango cha juu kidogo, wakalinda uhai, kisha wakayatazama macho kwa ukaribu.

Tiba zipo. Miale ya leza huiunguza sehemu ya retina isiyo na mishipa ili iache kulia. Tangu mwaka 2011 pamekuwa na ushahidi kwamba sindano ya bevacizumab ndani ya jicho huzima VEGF iliyofurika na kuiacha mishipa iendelee na safari yake. Lakini dawa hiyo huvuja na kuingia kwenye damu ya mtoto ambaye mapafu, figo na ubongo wake bado vinajengwa kwa VEGF hiyohiyo, kwa hiyo hutumiwa kwa tahadhari na mtoto hufuatiliwa kwa muda mrefu.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba ugonjwa huu ni nadra Afrika kusini mwa Sahara. Sababu ilikuwa ya kusikitisha: watoto ambao wangeupata walikuwa hawaishi. Leo wanaishi. Wodi za watoto njiti zimeongezeka, mama hubeba mtoto kifuani kwa mtindo wa kangaroo, mashine za oksijeni zimefika hadi hospitali za wilaya, na ripoti za madaktari wa macho wa Nairobi zinaonyesha kwamba ugonjwa tayari upo. Pale oksijeni inapotoka moja kwa moja kwenye mtungi bila kifaa cha kuichanganya na hewa, na bila kipimo kwenye mguu wa mtoto, tunarudia ya Boston ya 1942 huku majibu tukiwa nayo. Kujenga wodi ya njiti bila vifaa hivyo viwili na bila daktari wa macho wa kuja kukagua ni kazi iliyoachwa nusu, na wanaopanga bajeti za afya wanapaswa kuambiwa hivyo waziwazi.

Kwa mzazi au ndugu anayesoma sura hii akiwa na mtoto njiti nyumbani au wodini: mwongozo wa Marekani unataka kila mtoto aliyezaliwa kwa wiki 30 au pungufu, au mwenye uzito usiozidi gramu 1,500, akaguliwe retina, na katika nchi kama zetu hata waliozidi hapo kidogo wanaweza kuugua iwapo walitumia oksijeni. Ukaguzi wa kwanza hufanyika karibu wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Ukitolewa hospitali kabla ya hapo, uliza utarudi lini kwa daktari wa macho na uandikiwe tarehe, kwa sababu ugonjwa ukifika hatua kali tiba inatakiwa ifanyike ndani ya siku mbili hadi tatu.